Kabla ya kupanguza gari na tisheti ya kampeni, pitia Gikomba kwanza

Jumapili asubuhi, pita katika maegesho ya mtaa wowote wa Eastlands, iwe ni Umoja, Donholm, Buruburu ama Kayole. Lazima utapata msee mmoja amevaa kaptura na ndara, ndoo moja ya maji kando, sabuni ya unga ndani, na mkononi tisheti ya kampeni. Mheshimiwa aliangushwa uchaguzini 2022 lakini huku bado yuko kazini, anasugua boneti ya Vitz. Msee akimaliza anarudi nyuma hatua tatu, anaangalia kazi yake, anapiga picha ya kuweka status. Gari inang'aa noma.

Sasa ngoja saa tano, jua likishapanda.

Ukisimama kando ya gari hiyo, hasa ikiwa nyeusi, maruni ama bluu iliyokolea, utaona mikwaruzo myembamba imezunguka kila mahali mwangaza unapogonga, kama utando wa buibui. Ukisogea, utando unakufuata. Wenye magari hulaumu sabuni, wengine jua la Nairobi, na wengi huwalaumu wale vijana wanaoosha magari kando ya barabara. Mara nyingi mkosaji ni kitambaa. Ama niseme vizuri zaidi: mkosaji ni mchanga uliokosa pa kwenda kati ya kitambaa na rangi.

Nimekuwa nikiosha magari ya majirani wikendi tangu niache chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kuelewana na mfuko. Kazi hii inalipa bando na unga, na imenifunza kwamba hakuna kitu kidogo kinachobeba pesa nyingi kama taulo. Watu hununua polishi ya bei kali, waksi yenye harufu ya nazi, dawa ya kung'arisha matairi, halafu wanapaka vitu hivyo vyote na kipande cha suruali ya zamani.

Kwa mtu wa Eastlands gari si pambo. Ni teksi ya apu inayolipa mkopo wa sacco kila mwezi, ama ni akiba ya familia iliyowekewa matairi. Magari mengi tunayoendesha yalitoka Japani yakiwa yameshatumika, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa hivyo rangi unayoilinda imeshapitia mikono ya watu usiowajua kwa miaka. Siku ya kuuza ikifika, broka huizunguka gari polepole, tochi ya simu mkononi, akitafuta sababu ya kushusha bei. Utando wa buibui ni sababu anayoipenda sana kwa sababu huwezi kubishana nayo. Iko hapo, mnaiona wote wawili.

Rangi ni nyembamba kuliko unavyodhani

Gari nyingi za siku hizi zina tabaka la juu lisilo na rangi, lile mafundi wa spray huliita klia. Hilo ndilo linaleta ule mng'ao kama kioo, na ndilo linalokinga rangi yenyewe isichomwe na jua. Kwa kawaida klia ya kiwandani huwa na unene wa maikroni 35 hadi 50 hivi. Karatasi ya kawaida ya printa ina kama 100. Yaani kinga yote ya gari yako ni nusu ya karatasi.

Mikwaruzo ikishaingia kwa klia, fundi huiondoa kwa kusugua klia yenyewe mpaka iwe sawa na kina cha mkwaruzo. Ndiyo, inang'aa tena, lakini umepunguza karatasi. Fanya hivyo mara kadhaa na siku moja klia inaisha, inaanza kubanduka kama ngozi iliyoungua, na hapo hakuna polishi itakuokoa. Ni kupiga spray upya, na ulize bei ya boneti moja tu kwa fundi yeyote kabla hujalala.

Halafu fikiria vumbi letu. Gari ikilala nje mtaani, asubuhi ina tabaka la udongo, chembe za mawe kutoka majengo yanayojengwa kila kona, masizi ya matatu na unga wa breki. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko klia. Ukipitisha kitambaa kikavu juu yake, umeshika msasa. Tisheti ni mbaya zaidi kwa sababu imefumwa bapa, haina mahali pa kuficha chembe. Mchanga unabaki juu ya kitambaa na unaburutwa kutoka taa ya mbele hadi buti. Ongeza ile picha ya mheshimiwa iliyochapishwa kwa mpira mgumu, ongeza na mshono wa pembeni, basi umekamilisha kazi. Ile ngozi ya manjano ya kukaushia ambayo wengi huiamini ina tabia hiyohiyo: inanyonya maji vizuri sana, lakini ni laini bapa. Kama gari haikuoshwa ikatakata, ngozi hiyo inasukuma kilichobaki.

Hapo ndipo maikrofaiba inaingia. Watu wengi hudhani ni jina la kampuni ama ni taulo iliyo laini tu. Ni uzi wa plastiki, poliesta ikiwa imechanganywa na nailoni, uliotengenezwa mwembamba kupita kiasi. Ili uitwe hivyo, kipande cha mita 9,000 cha uzi mmoja hakifai kufikisha gramu 1. Kiwandani nyuzi hizo hupasuliwa, kila moja ikigawanyika kama vipande vya chungwa. Pembe na nafasi za vipande hivyo ndizo hunasa vumbi na kunyonya maji. Chembe ya mchanga ikiguswa na taulo nzuri yenye manyoya, inazama ndani ya manyoya, mbali na rangi. Haijapotea. Imehifadhiwa tu, na hilo likumbuke tukifika kwa kufua.

Teknolojia yenyewe ni ya Kijapani kama gari yako. Mwaka 1970, Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray alifanikiwa kutengeneza kitambaa cha nyuzi nyembamba namna hiyo kilichoshikika kama ngozi ya swedi, kikauzwa kwa jina la Ultrasuede. Kilianza kwa watu wa fasheni kabla ya kufika kwa viti vya magari ghali. Taulo ya kupanguzia ilikuja baadaye.

Sasa twende Gikomba

Kama hujazoea, shuka Machakos Country Bus, ufuate watu wenye mizigo. Usiende na gari, tafadhali. Kuegesha huko ni mtihani, na mkokoteni mmoja ukikugonga mlango, mada ya mikwaruzo midogo itakuwa imefungwa. Vaa viatu vya kukanyaga matope. Na vaa kawaida, kwa sababu Gikomba bei husomwa kwa nguo zako kabla hujafungua mdomo.

Vibanda vya shuka, mapazia na taulo ndivyo unavyotafuta. Belo la vitu vya nyumbani likifunguliwa asubuhi, kila kitu kinatoka humo: taulo za hoteli zenye jina la mji usioujua, mikeka ya bafu, vitambaa vya meza. Ya kwanza kuchukuliwa ni kamera, mali safi isiyo na doa. Ukifika saa nane mchana utakuta fagia, rundo la mwisho la kuuzwa kwa bei ya kutupa. Maikrofaiba huwa humo ndani, zimechanganyika na pamba, na wauzaji wengi hawazitofautishi. Wataziita taulo ndogo. Usiwasahihishe. Uliza tu, "Mathe, hizi ndogo unaziachaje nikichukua kumi?" na atakuambia, "Chagua kwanza, mwanangu, bei tutaongea." Siku hizi pia utapata mali mpya kutoka China ikiwa imefungwa kwa dazeni, kando kwa kando na mitumba.

Kuzitambua si kazi ngumu. Pitisha kiganja kikavu juu ya kitambaa. Maikrofaiba iliyopasuliwa vizuri inakwama-kwama kwenye ngozi ya mkono, hasa kama mikono yako ni ya kazi, hadi unaweza kuhisi kero fulani. Ikiteleza kama hariri, ama si maikrofaiba, ama ni ile ya bei rahisi ambayo nyuzi zake hazikupasuliwa. Hiyo ya pili ndiyo inadanganya watu. Ina rangi nzuri, ina manyoya, lakini ukipanguza maji inayasukuma mbele kama raba. Kama muuzaji ana chupa ya maji na ni mtu wa kucheka, mwagia matone juu ya kipande cha nailoni kilichofunika meza yake, ubonyeze taulo juu bila kusugua. Ikiyanywa, umepata. Ikiyaacha yakikutazama, rudisha kwa rundo.

Kuna watu mtandaoni watakuambia uwashe kiberiti uchome uzi mmoja. Kweli, jaribio hilo hufanya kazi: pamba huungua ikabaki majivu na harufu ya karatasi, poliesta huyeyuka ikajikunja kuwa punje ngumu nyeusi. Lakini Gikomba? Soko hili limeungua mara ngapi? Moto wa Juni 2018 pekee uliua watu 15. Ukiwasha kiberiti juu ya belo la mtu, utakachopata si jibu kuhusu poliesta. Ng'oa uzi, uende nao kejani.

Kitu kingine cha kuangalia ni ukingo. Taulo inaweza kuwa nzuri katikati lakini pembeni imeshonwa kwa uzi wa nailoni mgumu, na ukingo huo ndio unaochora boneti. Tafuta zilizokatwa bila mshono ama zilizozungushiwa utepe laini. Lebo ile nyeupe ya maelekezo ya kufua iondoe kabla hujagusa gari, na uikate karibu kabisa na mshono. Lebo ni plastiki ngumu yenye pembe. Sijui kwa nini viwanda huishona kwenye kitu cha kupanguza rangi.

Uzito nao una maana yake. Wauzaji wa vifaa vya magari huupima kwa GSM, yaani gramu kwa kila mita moja ya mraba. Taulo za 200 hadi 300 ni nyembamba, zinafaa vioo na dashibodi. Kuanzia 350 kwenda 500 ndizo za kugusa rangi, kuondoa waksi na kupanguza. Zilizo nzito zaidi ni za kukaushia gari zima. Mitumba haina maandishi ya GSM, lakini hesabu ni rahisi: taulo ya sentimita 40 kwa 40 yenye GSM 350 ina uzani wa kama gramu 56. Mwenye duka wa mtaani kwako ana mizani ya sukari. Mpe salamu vizuri atakupimia. Za vioo, kama utabahatika, chagua zile zilizofumwa vijisanduku kama sega la nyuki, hazina manyoya ya kubaki kwenye kioo.

Sasa niseme kitu ambacho mathe wangu wa taulo hatafurahia kusoma. Maikrofaiba ya mtumba usiipeleke kwa rangi ya gari, isipokuwa ilitoka kwa belo ikiwa mpya na lebo yake. Sababu ni kwamba hujui maisha yake ya kwanza. Pengine ilipanguza jiko huko Ulaya, pengine gereji, na chembe za chuma zikishaingia ndani ya manyoya hazitoki kwa kufua mara moja wala mara tatu. Ya mtumba ni ya rimu, ya ndani ya gari, ya milango ile sehemu ya bawaba. Kwa rangi nunua mpya, hata kama ni nne tu, hapohapo Gikomba ama kwa maduka ya vifaa vya magari Kirinyaga Road, ile wazee bado huita Grogan. Za kuuzwa kwa jam, zile za rangi ya machungwa zinazopeperushwa dirishani, nyingi ni zile zinazosukuma maji. Ulizia hata hivyo, ushike kwanza kabla taa haijabadilika kijani.

Na usidharau fagia ya pamba. Tisheti zilizokosa mnunuzi hukatwa vipande vikauzwa kwa mafundi kama matambara, na kwa injini, dipstiki na grisi hakuna kitu bora. Hapo sasa mheshimiwa anaweza kurudi kazini.

Mitungi miwili ya maji inatosha

Video nyingi za kuosha magari zimetengenezwa na watu wenye mipira ya maji inayofyatua presha na gereji yenye taa. Sisi tuna mfereji unaofuata ratiba ya mgao wa maji, na ukikosa siku yako unaongea na mtu wa mkokoteni. Ni sawa. Mitungi miwili ya lita 20 inatosha gari ndogo kama Demio ama Note, ukijua unachofanya.

Osha alfajiri ama jioni, boneti ikiwa baridi. Kabla ya kugusa chochote, mwagia maji kwa kopo kutoka paa kushuka chini, bila haraka, uache maji yabebe mchanga yenyewe. Hii hatua ndiyo watu huruka, na ndiyo inayookoa klia kuliko taulo yoyote. Anza na rimu kwanza kwa taulo yake ya mtumba, kwa sababu chafu ya rimu ikirukia mlango ambao bado haujaoshwa hakuna hasara. Kisha ndoo mbili: moja ya sabuni ya magari, nyingine ya maji matupu. Glavu ya maikrofaiba, ama taulo yenye manyoya marefu, inaingia kwa sabuni, inapita sehemu moja ya gari, inaenda kusuuzwa kwa ndoo ya pili, ndipo irudi kwa sabuni. Ukitumia ndoo moja unachovya mchanga uliotoa ukaurudisha palepale. Sabuni ya unga iache kwa nguo, ni kali na inang'oa waksi yote.

Pitisha mkono kwa mistari iliyonyooka. Usibonyeze. Nusu ya chini ya milango na bampa ya nyuma ziwe za mwisho kwa sababu ndizo chafu kuliko zote. Taulo ikianguka chini, hata sekunde moja, hata kama chini ni saruji iliyofagiwa, haigusi rangi tena siku hiyo. Najua unataka kuikung'uta uendelee. Usijaribu.

Kukausha ndiko nako kunapenda watu wapole. Tandaza taulo nzito juu ya boneti kama unafunika mtoto aliyelala, ipigepige kwa kiganja, kisha ivute taratibu kwako. Kwa kazi ndogondogo ikunje katikati, halafu ikunje tena katikati. Ukifanya hivyo una nyuso 8 safi kwenye taulo moja, na kila uso ukichafuka unageuza. Watu hutumia uso mmoja gari zima halafu wanashangaa.

Kuna dharura moja ya Nairobi lazima niitaje: mavi ya ndege. Ukiegesha karibu na Nyayo Stadium chini ya miti ya marabou, wale ndege wakubwa wenye upara, utarudi ukute gari imepigwa plasta. Mavi yale huila klia jua likiyapika. Usiyakwangue kwa kucha wala kuyapanguza yakiwa makavu. Lowesha taulo kabisa, iweke juu yake dakika chache ilainishe, kisha inyanyue bila kusugua. Taulo moja yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki kwenye buti itakuokoa siku hiyo.

Kufua ndiko maikrofaiba nyingi hufia. Ule mchanga uliohifadhiwa ndani ya manyoya lazima utoke. Zifue peke yake, mbali na soksi na mashuka ya pamba, maana zinanasa nyuzi kama sumaku na nyuzi hizo zitaonekana kwa kioo cha mbele. Maji vuguvugu, si ya kuchemka kwa sababu ni plastiki na joto kali hulainisha nyuzi zikashikana. Sabuni ya maji, kidogo. Jik usitie. Na dawa ya kulainisha nguo, ile ya kunukia vizuri ambayo mamangu huiamini kama maombi, ni adui mkubwa: inaacha mafuta juu ya nyuzi, inaziba zile nafasi, na taulo inaanza kusukuma maji. Suuza mpaka maji yawe meupe. Anika kivulini, mbali na vumbi la barabara, na usizitandaze kwa seng'enge.

Zikiwa plastiki, zinapofuliwa huacha vipande vidogo visivyoonekana. Gikomba imekaa kando ya Mto Nairobi, na mto huo unaingia Athi, ambao ukifika pwani unaitwa Sabaki na kumwaga maji baharini karibu na Malindi. Mwaka 2023 shirika la Changing Markets Foundation lilitoa ripoti kuhusu nguo za mtumba za plastiki zinazofika Kenya zikiwa hazina mnunuzi na kuishia kuwa taka, na ukisimama ukingoni mwa mto pale sokoni huhitaji ripoti, unaona mwenyewe. Kwa hivyo nunua chache nzuri uzitunze, badala ya dazeni mbovu kila baada ya miezi miwili.

Kwa wale wanaofanya hii kazi kama hasla

Hapa naongea na wenzangu wa kubeba ndoo. Mteja wa nyumbani anakuamini na kitu alichokopa pesa kukinunua. Gari nyeusi moja ukiichora, utalipa kwa mfuko wako ama utapoteza mtaa mzima, kwa sababu kundi la WhatsApp la maegesho ya Buruburu lina kumbukumbu ndefu. Kabla hujalowesha chochote, zunguka na mwenye gari, tochi ya simu ikiwaka, upige video ya mikwaruzo iliyopo tayari. Fanya kwa heshima. "Mzee, kabla nianze tuangalie hii pamoja" inatosha. Wengi hawajawahi kuiona mikwaruzo hiyo na watashtuka, lakini wakishtuka kabla ya kazi ni tofauti sana na wakishtuka baada.

Taulo zako zigawe kwa rangi na usibadilishe kamwe. Mimi nina za bluu za rangi ya gari, kijivu za vioo, kijani za ndani, nyekundu za rimu. Mteja akiona unaweka ile nyekundu kando na kuchukua bluu, hata hajui sababu, ataona tu kwamba kijana huyu anajua anachofanya na wikendi ijayo atakuita tena. Zibebe safi ndani ya mfuko uliofungwa, chafu kwa mfuko mwingine. Kwenye bodaboda usiweke begi wazi.

Na kila taulo ina cheo chake. Ikianza kuwa ngumu, ama ikianza kuacha alama, ishushe: kutoka kwa rangi iende ndani ya gari, ikitoka hapo iende rimu, ikitoka rimu iende injini. Kata pembe moja kila inaposhushwa ili usije ukachanganya asubuhi yenye giza. Ya zamani kuliko zote niliyo nayo imebaki na pembe moja, na jirani yangu wa boda ameshaiomba ya kufutia cheni.